Barua kwa Dokta aliyerudi Makambako

Mbeya,
8 Agosti 2021

Dokta wangu,

Mfikishie mama shikamoo zangu. Ujumbe wako niliusoma wodini juujuu, nikaurudia usiku kwa utulivu. Unasema hurudi, na kwamba udaktari haukuwa fungu lako. Hilo la fungu nakukatalia. La kutorudi tutaongea.

Huku baridi imekaza na bweni zima linanuka mikaratusi. Kila jioni kuna mtu kajifunika blanketi anapiga nyungu, tangawizi na malimau ndani, na wengine ni hao hao waliotupita kwenye famakolojia! Siwacheki. Wodi imejaa wagonjwa wa korona, mitungi ya oksijeni haikai hata kidogo, na mtu akitoka pale lazima ashike chochote.

Zile siku za mwisho nilikuwa nakuona. Unanawa mikono kwenye sinki la mwisho wa wodi, unafika bwenini unanawa tena, mpaka vifundo vya vidole vikapasuka na ukawa unashika kalamu kwa shida. Nilijua ni yule mzee wa Chunya. Kimashine cha kidoleni cha kupima oksijeni kinasoma 84, anatutania. Kinasoma 76, bado anatutania, ila sasa anakata sentensi katikati kuvuta pumzi. Binti yake hakumfuata daktari bingwa. Alikushika wewe koti: "Daktari, baba atapona?" Mwaka wa nne, hujawahi kuandika dawa kwa saini yako, na unadaiwa jibu la namna hiyo.

Mimi naona shida yetu iko hapo hasa, kuliko hata kuogopa kuambukizwa. Kwa bingwa sisi ni wa kushika faili na kusomea historia ya mgonjwa. Kwa ndugu wa mgonjwa, na nyumbani kwetu, sisi ni madaktari kamili. Lawama tunazo, mamlaka hatuna. Tangu Rais Samia achanjwe Julai 28, simu yangu haipumziki. Baba mdogo ana presha, achanje asichanje? Shangazi wa Tukuyu kasikia kwamba ukichanja miaka miwili huimalizi. Wote nawajibu kwa sauti ya ukubwa. Wa kuniuliza mimi nimelalaje, hakuna. (Wewe ulikuwa unaniuliza, ndiyo maana umenipa pengo.)

Halafu jumlisha na ya nyuma. Vyuo vilifungwa Machi 2020, tukarudi Juni 1, ratiba ikabanwa na tukapiga msuli kama watu wanaofukuzwa. Ikaja ile miezi ya mwanzo wa mwaka huu ambapo watu walikuwa wanazikwa na kinachotajwa ni "changamoto ya upumuaji" basi. Utaliliaje kitu ambacho hakitajwi?

Usijione mnyonge peke yako. Kuna uchambuzi ulitoka kwenye jarida la JAMA mwaka 2016, umekusanya tafiti za nchi zaidi ya 40: wanafunzi wa udaktari wenye dalili za sonona walikuwa kama asilimia 27. Na hiyo ni kabla ya korona. Kati ya wale wenye dalili, waliokwenda kutibiwa hawakufika hata mmoja kwa watano. Watu wanaosomea kutibu!

Sasa nakuomba kitu. Lile dodoso la sonona la maswali 9 tulilokuwa tunawauliza wagonjwa, jiulize mwenyewe, wiki mbili zilizopita, bila kujipunguzia. Jumla ya alama ikifika 10, nenda ukaonwe. Ukiona aibu kuja kliniki ya huku ambako kila mwenye koti anakujua, anzia hospitali ya mkoa, Njombe au Iringa. Watakaokutania kwamba wewe ni wa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, waache, hao hata malaria wanasema ni ya kulogwa. Na lile swali la tisa nakuuliza wazi, rafiki yangu: umefikiria kujiua? Kama jibu ni ndiyo, usingoje barua. Nipigie muda huo huo, hata saa nane za usiku, na mwamshe mama.

Kuhusu chuo, nimepita ofisi ya mshauri wa wanafunzi bila kukutaja jina. Kuahirisha masomo kwa sababu ya afya si kudisko, yaani hufukuzwi chuo. Unahitaji barua yako na karatasi ya daktari, na uziwahishe kabla mitihani haijaanza. Bodi ya mikopo nayo ijulishwe, bumu lisije likaleta maneno baadaye. Ukipumzika mwaka mzima ukarudi, utatukuta tunazurura mafunzo ya vitendo na utatudharau kwa raha zako. Ukiamua kuacha kabisa, uache ukiwa umelala vizuri kwanza. Uamuzi wa sasa siuamini, hata ungekuwa wangu.

Jumamosi napanda basi la asubuhi la Iringa, nashuka Makambako. Usimsumbue mama na mapishi, ila kama parachichi zipo nitafungasha, za Mwanjelwa zimepanda bei. Fomu ya kuahirisha ninayo tayari kwenye begi. Kuijaza ni juu yako.

Mwenzio wa benchi la nyuma