Wanajeshi wastaafu wapewe nafasi ya kuzungumza Siku ya Uhuru

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowahusu wanajeshi wastaafu wa mtaani kwetu hapa Mtwara, ambao kila tarehe 9 Desemba hukutana kuadhimisha Uhuru wa Tanganyika, pawe na gwaride la kitaifa au pasiwepo. Mwaka 2015, Rais John Magufuli alipofuta sherehe na kuagiza siku hiyo itumike kufanya usafi, wazee hawa walifagia asubuhi pamoja na wananchi wengine, na mchana wakakutana kama ilivyo desturi yao.

Mkutano wenyewe hauna makuu. Katibu hufungua daftari na kuita majina kwa kufuata vyeo, na kila anayeitwa husimama kadiri magoti yanavyomruhusu. Waliofariki ndani ya mwaka hutajwa pia, wakasomewa dua na kuombewa sala, kwa kuwa wamo Waislamu na Wakristo. Baada ya Wimbo wa Taifa huketi kunywa chai kwa ming'oko, yaani viazi pori, ya kuchemsha. Hadi leo huitana "afande", na nimewaona ambao medali zao zimeshonewa kifuani kwa uzi kwa sababu pini zake zilikatika zamani.

Huenda msomaji akauliza: Uhuru wa 1961 ulipatikana bila kufyatua risasi, sasa askari wanahusika vipi? Kwa sisi wa kusini jibu liko mpakani. Usiku ule Luteni Alexander Nyirenda alipousimika Mwenge juu ya Mlima Kilimanjaro, ng'ambo ya Mto Ruvuma, nchini Msumbiji, Wareno walikuwa bado wanatawala, na waliendelea kutawala hadi tarehe 25 Juni 1975. Kwa zaidi ya miaka 13 tuliishi na uhuru ambao jirani yetu, na mara nyingi ndugu yetu wa damu, hakuwa nao. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1962, lakini wapiganaji wake wengi walifunzwa Nachingwea, mkoani Lindi, katika ardhi iliyoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza. Vita vya Msumbiji vilianza Septemba 1964, mwezi uleule ambao Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa, na kuanzia hapo kulinda mpaka wa Ruvuma ikawa kazi ya kila siku, kwa maana wakimbizi walivuka mto kuja kwetu na madhara ya vita yakawafuata hadi vijijini. Baadhi ya wazee ninaowazungumzia walikuwa vijana katika ulinzi huo. Wengine walikwenda Kagera mwaka 1978, na wengine walipelekwa Msumbiji katika miaka ya 1980 kuisaidia serikali yake dhidi ya waasi, na wenzao waliofia huko wamezikwa hapa Naliendele.

Kinachonisikitisha ni namna tunavyowatumia watu hawa. Katika sherehe moja niliyohudhuria waliitwa, wakaketishwa, mshereheshaji akalitaja kundi lao, tukapiga makofi, na ratiba ikaendelea kwa hotuba ndefu za watu ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa wakati Ruvuma inalindwa. Hakuna mzee hata mmoja aliyepewa kipaza sauti. Nimefundisha historia kwa muda mrefu, na najua kwamba mwanafunzi wetu anakariri tarehe za ukombozi wa Kusini mwa Afrika ili afaulu mtihani, ilhali aliyeshika lindo mpakani anaishi nyumba ya tatu kutoka kwao na hajawahi kuulizwa kitu.

Nawaomba wanaoandaa maadhimisho katika mikoa ya Mtwara na Lindi watenge walau nusu saa ya ratiba kwa ajili ya wazee wawili au watatu, wazungumze wenyewe. Nawaomba pia walimu wenzangu wa historia wawaalike shuleni, au wawafuate majumbani kwa wale wasioweza kutembea, na wawarekodi kwa simu walizo nazo, kwa ridhaa yao. Majina ya vijiji, ya vivuko na ya waliopotea mtoni wanayo wao, na kila Desemba katibu hufungua daftari lile akiwa na majina machache zaidi ya kuita. Wa kundi la mtaani kwetu nimekwisha kuzungumza nao, nao wamekubali.

Mwalimu mstaafu,
Mtwara