Mkataba wa taka uletwe mtaani kabla ya kusainiwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze wasiwasi wangu kuhusu mpango uliotangazwa katika mkutano wa mtaa wetu mwezi uliopita, kwamba halmashauri inakusudia kumkabidhi mbia mmoja kutoka sekta binafsi kazi yote ya kuzoa taka, pamoja na mamlaka ya kukusanya ada kwa kila kaya na kila duka. Mtendaji alipoulizwa mkataba utakuwa wa miaka mingapi, na ni nani atakayethibitisha kwamba kazi imefanyika, alijibu kwamba mambo hayo yako ngazi ya halmashauri. Nimetumikia kamati ya mazingira ya mtaa kwa miaka sita, na jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Sipingi watu binafsi kuzoa taka. Sisi tuliokuwapo Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990 tunakumbuka magari ya Halmashauri ya Jiji yakiwa yamelala yadi kwa ubovu huku taka zikiozea vichochoroni, hadi mwaka 1992 ikalazimu kufanyika kampeni ya dharura ya kusafisha jiji kwa msaada wa wafadhili. Mwaka 1994 kata za katikati ya jiji zikapewa kampuni moja, Multinet Africa, na mwaka 1999, chini ya Tume ya Jiji, utaratibu ukapanuliwa na kuingiza wakandarasi wengi, vikiwamo vikundi vya akina mama na vijana waliosukuma matoroli katika njia ambazo gari halipiti. Vikundi vile vilikuwa na faida moja ambayo haiandikwi kwenye zabuni: aliyekuja kudai ada alikuwa jirani yako, na usiporidhika ulijua mlango wa kubisha hodi.

Tatizo ninaloliona liko katika ada. Mkandarasi anapojilipa kwa fedha anazozikusanya mwenyewe mlangoni, kipato chake kinategemea wingi wa stakabadhi alizokata, wala hakitegemei wingi wa taka alizoziondoa. Kila safari ya kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi inamgharimu mafuta, matairi na posho ya vibarua, kwa hiyo kila safari anayoiruka ni fedha iliyobaki mfukoni mwake. Hata mtu mwadilifu akiwekwa katika utaratibu wa namna hiyo atavutwa kwenda kule ambako barabara ni nzuri na ada inalipwa haraka, na mabondeni atapita akikumbuka.

Hayo yametukuta. Mtaa wetu una upande wa barabara ya lami na upande wa bondeni. Kwa muda mrefu gari la mkandarasi tuliyekuwa naye lilipita barabarani tu, na watu wa bondeni walitakiwa wapandishe viroba vyao wenyewe alfajiri, wazee na wajawazito wakiwamo. Mama lishe mmoja alituletea kwenye kamati stakabadhi za miezi minne, zote zina muhuri, amezifunga kwa uzi na kuzitunza vizuri. Tulipofuatana naye hadi kwake tulikuta viroba saba nyuma ya jiko, vimepasuka na kutoa funza, hatua chache kutoka pale anapooshea vyombo vya wateja. Masika yalipoanza, waliochoka kusubiri walitupa viroba mtaroni, mtaro ukaziba, na maji yakaingia vyumbani.

Tulimwita msimamizi wa mkandarasi. Sisi tulishikilia kwamba gari linapaswa kuja mara mbili kwa wiki, yeye akasema ni mara moja, na wala si kila njia. Hakuna aliyeweza kumaliza ubishi ule, kwa sababu mtaa haukuwa na nakala ya mkataba. Tuliiomba kwa barua mara mbili na hatukujibiwa. Hebu fikiria, Mhariri, watu wanaolipa kila mwezi hawajui wamenunua nini.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziweka taka ngumu mikononi mwa serikali za mitaa. Halmashauri inaweza kumpa mtu mwingine kazi hiyo, lakini wajibu wenyewe unabaki kwake, na ndiyo maana haifai ikabidhi kazi, makusanyo na usimamizi kwa mtu mmoja. Ningependa ada ilipwe kwa kumbukumbu namba moja kwa moja kwenye akaunti ya halmashauri, na mkandarasi alipwe kwa safari zilizoandikishwa getini dampo na kuthibitishwa kwa saini ya mtaa zilikotoka taka hizo.

Kuhusu muda wa mkataba na namna ya kuuvunja, jiji hili lina funzo lililo karibu. Agosti 2003 huduma ya maji ilikabidhiwa kampuni ya City Water, iliyowaunganisha Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya hapa nchini, kwa mkataba wa miaka 10. Mei 2005 Serikali iliuvunja, na mashauri yake yakaendelea mbele ya mabaraza ya usuluhishi ya kimataifa hadi mwaka 2008. Ikiwa Serikali yenye wanasheria wake ilipitia hayo, halmashauri yetu ina kila sababu ya kuanza na mwaka mmoja, kwa kata chache, na kuandika waziwazi ni kosa gani litakalomwondoa mbia.

Kikao cha Baraza la Madiwani hakijafika, kwa hiyo diwani wetu bado ana nafasi ya kuileta rasimu ya mkataba ofisi ya mtaa, isomwe mkutanoni kwa Kiswahili, kisha ibandikwe kwenye ubao uleule ambako mwaka jana yalibandikwa majina ya kaya zinazodaiwa ada ya taka.

Msomaji wako,
Mjumbe wa kamati ya mazingira ya mtaa,
Dar es Salaam