Mezani pa Warumi hapakuwa na dhahabu tupu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumzie jambo linalojirudia katika makala za historia, nalo ni kusimulia karamu za Warumi wa kale kana kwamba kila aliyekaribishwa alinywea kikombe cha dhahabu au cha fedha. Vyombo hivyo vilikuwapo, ila vilikuwa vya wachache. Chombo kinachosahauliwa, na ambacho naamini kinatueleza mengi zaidi, ni bilauri ndogo ya kioo.

Zamani kioo kilikuwa anasa, kwa kuwa kila chombo kiliundwa polepole kwa kalibu, kisha kikasuguliwa na kung'arishwa kwa mkono. Mambo yalibadilika katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, pale mafundi wa pwani ya Shamu (Syria) na Palestina walipogundua kwamba bonge la kioo lililoyeyuka, likishikwa kwenye ncha ya mrija na kupulizwa, hufura kama povu la sabuni, na bilauri nzima ikapatikana kwa muda mfupi mno. Strabo, mwanajiografia wa zama za Kaisari Augustus, anaandika kwamba mjini Roma kikombe cha kioo kiliweza kununuliwa kwa sarafu moja ya shaba. Baadaye Pliny Mzee, mwandishi wa Kirumi, akaeleza kuwa vikombe vya kioo vilikuwa vimekwisha kuvipiku vya dhahabu na fedha, na kwamba kilichothaminiwa kuliko vyote ni kioo kisicho na rangi, kinachopenyeza nuru.

Baadhi ya mafundi hao tunawajua kwa majina. Ennion, anayehusishwa na mji wa Sidon katika pwani hiyo hiyo, alipuliza kioo ndani ya kalibu lenye nakshi, hivyo kikombe kikatoka kikiwa na kuta nyembamba, mizabibu iliyotuna ubavuni, na kibao kidogo chenye maandishi ya Kigiriki yasemayo kwamba Ennion ndiye aliyekitengeneza. Upande wa pili wa baadhi ya vikombe vyake kuna maneno ya kumtakia mnunuzi akumbukwe. Fundi aliyemwombea hivyo mtu asiyemjua, naye akaliandika jina lake bila woga, hastahili kufichwa nyuma ya masinia ya makaisari.

Malighafi nayo ilitoka mbali na Roma: mchanga wa pwani ya mashariki ya Mediterania ukachanganywa na magadi ya Misri. Hata kilichovunjika hakikutupwa. Mshairi Martial anamtaja mchuuzi wa ng'ambo ya mto Tiber aliyebadilisha vijiti vya kuwashia moto vilivyopakwa salfa kwa vigae vya kioo, kwani vigae hivyo viliyeyushwa upya tanurini. Mwaka 301 Kaisari Diocletian alipotangaza bei rasmi za bidhaa, kioo kilipangiwa bei kwa ratili, yaani kwa uzito: vikombe vya kioo cha Aleksandria dinari 30, na vya kioo cha Yudea dinari 20.

Nakuomba basi, Ndugu Mhariri, makala zijazo kuhusu karamu za Warumi zimtaje mpulizaji kioo wa Shamu pamoja na mwenye karamu, na picha inayoambatana nazo iwe ya bilauri iliyofukuliwa Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na majivu ya volkano.

Wako mtiifu,
Msomaji wa kurasa za historia