Mchukuzi naye astahili sanamu

Mhariri,

Kila nipitapo penye Sanamu ya Askari, pale kati ya Mtaa wa Samora na Azikiwe, huwa nasimama kidogo. Tangu 1927 askari yule wa shaba ameelekeza bunduki yake upande wa bandari, na sote tumefunzwa kuuona ushujaa katika mkao ule. Sibishi, ni kazi nzuri ya mikono.

Lakini soma maandishi yaliyo chini yake. Yanawataja pia wachukuzi, yakiwaita miguu na mikono ya jeshi. Watu hao walibeba unga, risasi na majeruhi porini katika vita vya 1914 hadi 1918, wakafa kwa maelfu, wengi wao kwa magonjwa na njaa. Maandishi yanaahidi kwamba anayekufa kwa ajili ya nchi yake jina lake litakumbukwa na wanawe. Jina gani? Pale hakuna hata moja.

Nairobi walau mchukuzi amesimamishwa pamoja na askari, kwenye Barabara ya Kenyatta. Sisi tumebaki na neno Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, na wanaolitamka kila siku wakijua hivyo ni wachache.

Uvumilivu wa kubeba mzigo wa mwenzako ni tunu kama ulivyo ushujaa. Naiomba halmashauri ya jiji iweke sanamu ya mchukuzi palepale Kariakoo, karibu na soko, wapitapo vijana wenye magunia mabegani.

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam