Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Kilomita 21 za Milima ya Usambara

Ndugu wanachama, wazee wetu walezi, na nyinyi mliojiunga tangu Septemba,

Naanza na nyinyi wageni. Kwenye fomu, pale tunapouliza nini kimekuleta, wengi wenu mliandika neno moja: Simbu. Usiku ule wa kuamkia Septemba 15, Alphonce Simbu alimzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde kwenye marathoni ya ubingwa wa dunia jijini Tokyo, wote wawili wakiandikiwa 2:09:48, na Tanzania ikapata bingwa wake wa kwanza wa dunia katika riadha. Karibuni sana. Ila taarifa yangu ya leo, kwa sehemu kubwa, inamhusu mtu aliyefika wa mwisho.

Hesabu zimo kwenye karatasi mliyopewa mlangoni, na mhazini atazisoma baada yangu. Ada zilikuja kwa kusuasua hadi Aprili, kisha zikakaa sawa. Jezi zimelipwa. Hatudaiwi na mtu.

Sasa niseme la Lushoto. Miaka yote klabu yetu imekimbia lami. Tunaijua Coco Beach, tunalijua Daraja la Tanzanite, na mchakamchaka wetu wa Jumapili unajulikana mtaani kabla hata hatujaonekana. Mkutano uliopita mliamua twende tukakimbie nusu marathoni ya milimani, kwenye njia za miguu, bila lami. Kamati ilichagua Julai kwa sababu masika yameshapita na hakuna joto, na ikachagua njia inayotoka Lushoto mjini, inapanda Magamba, inapita msituni na kurudi mjini kwa upande wa mashamba.

Mazoezi yalianza Machi kule Pugu na Kisarawe, palipo na vilima vya karibu kuliko vyote. Waliohudhuria Jumapili zile za mvua walilalamika kwamba nawatembeza badala ya kuwakimbiza. Ni kweli, na nilikusudia. Kwenye mwinuko mkali, anayetembea kwa hatua fupi na mikono mapajani mara nyingi anafika juu pamoja na anayekimbia, tena akiwa na pumzi ya kuendelea. Kinachoumiza zaidi ni kushuka. Misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki huku inavutwa, na maumivu yake hayaji siku ileile, yanakuja siku ya pili. Mnaikumbuka ile Jumatatu. Kuna watu walishuka ngazi za ofisini kinyumenyume.

Wengi mmeniuliza kwa masikitiko: mbona mtu anayemaliza kilomita 21 kwa saa mbili hapa Dar alitumia saa tatu na nusu kule? Wakimbiaji wa milimani wana hesabu yao. Kila mita 100 za kupanda wanazihesabu kama kilomita moja ya nyongeza. Njia yetu kwa ramani ilipanda karibu mita 900, kwa hiyo mlikimbia kitu kama kilomita 30. Na hata hizo 21 msizigombanie. Saa zenu za mkononi zilitoa majibu tofauti kwa sababu chini ya miti mikubwa na kwenye makorongo hazipati setilaiti vizuri. Naomba muda wa Lushoto msiulinganishe kabisa na muda wa barabarani.

Kisha kuna hewa. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na sisi tunatoka usawa wa bahari wenyewe. Tulifika Ijumaa jioni tukakimbia Jumamosi asubuhi. Hilo lilikuwa kosa la kamati. Tunapomkumbuka John Stephen Akhwari wa marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 tunakumbuka bandeji ya goti na uwanja uliokwisha kuingia giza. Tunasahau kwamba mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu, na kwamba misuli ilianza kumkaza kwenye hewa ile nyepesi kabla hajaanguka. Mwanariadha wa taifa lilimfika, sisi tulitaka litupite kwa sababu gani? Mwakani tunakwenda siku tatu kabla. Atakayeshindwa kupata ruhusa kazini aje, ila asishindane.

Nakuja kwenye jambo lililoninyima usingizi.

Tulianza saa 1 asubuhi. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka Magamba, na udongo mwekundu ulikuwa na utelezi wa umande. Tulikuwa tumefunga tepe kwenye miti jana yake, na tulikuwa na mfunga msafara, kijana mwaminifu kabisa, ambaye kazi yake ni kukaa nyuma ya mtu wa mwisho. Kwenye kituo cha pili cha maji aliambiwa kwamba wote wameshapita. Akaamini, akaongeza mwendo. Lakini mama yetu mmoja, mwanachama wa tangu klabu haijawa na jezi, alikuwa ametoka kidogo njiani kujisaidia. Aliporudi hakukuta mtu. Mbele kidogo njia iligawanyika, tepe ya pale haikuwepo, na yeye akashika ya kushoto.

Nilikuwa mstari wa kumalizia nikipiga makofi. Nilipiga makofi karibu saa nzima kabla mtu hajauliza mama yuko wapi, na aliyeuliza hakuwa mimi.

Simu yake haikuwa na mtandao. Filimbi hakuwa nayo, kwa sababu kwenye bajeti tulizikata ili tununue medali. Aliyemtoa msituni ni mwanamke wa kijiji aliyekuwa amebeba kichwani mzigo wa majani ya ng'ombe. Alimsikia akiita. Akamsalimu kwa Kisambaa, akaona hajibiwi, akamwambia kwa Kiswahili, "Nifuate." Akamsindikiza hadi barabara ya magari, mzigo ukiwa kichwani muda wote, kisha akageuka kurudi alikokuwa anakwenda. Mama alipofika kwetu ilikuwa imeshapita saa 7 mchana. Alikuwa ametembea zaidi ya wote na hakuwa na medali, kwa sababu mwenye boksi alikuwa ameshalifunga garini.

Nimemwomba radhi nyumbani kwake. Leo namwomba radhi mbele yenu. Kijana mfunga msafara asilaumiwe na yeyote, tulimpa kazi ya watu wawili bila orodha ya majina mkononi.

Yule mama wa majani amenifundisha na jambo la pili. Tuliziita "njia zetu za mbio", tukazipima na kuzitundikia tepe. Zile ni njia za watu za kwenda shamba na gulioni. Niliona kwa macho yangu wakimbiaji wetu wawili wakipiga kelele "njia, njia!" na wanawake wenye matenga ya kabichi wakijibana kwenye ukingo wa bonde kuwapisha. Mwenye mzigo ndiye anayepishwa. Atakayerudia hilo akiwa amevaa jezi yetu nitamtoa mbioni mimi mwenyewe, hata kama anaongoza.

Kamati inaleta kwenu maazimio haya, mtayapigia kura. Wafunga msafara wawe wawili, wenye orodha ya majina, na wasiondoke kituo chochote kabla namba hazijatimia. Kila mkimbiaji abebe filimbi na maji yake, na koti jepesi, kwa sababu anayesimama kule juu na jasho mwilini anapoa haraka mno. Kikomo cha muda kifutwe. Kabla ya kuchora njia twende ofisi za vijiji tukaulize siku za gulio, na sehemu ya ada ya mbio ibaki huko huko, kiasi gani mtaamua nyinyi. Medali zinaweza kusubiri. Najua baadhi yenu hamtaipenda hiyo ya medali, na nitawasikiliza, ila msimamo wangu ndio huo.

Mazoezi ya Pugu yanarudi Jumapili ya pili ya Januari, tunakutana saa 12 asubuhi. Wapya njooni na raba yenye meno, siyo ya lami.

Karatasi ya kujitolea kufunga msafara Julai ijayo iko mezani kwa katibu. Inahitaji majina mawili. La kwanza ni langu, na chini yake, kabla sijasimama kusoma taarifa hii, mama ameshaandika la kwake.