Kabla hujanunua kioo kipya cha laptopu

Juzi mwalimu mmoja wa sekondari aliingia dukani na laptopu yake ya mtumba kwapani, mkononi boksi lenye kioo kipya, hata nailoni hakijatolewa. "Fundi, nifungie hiki tu. Cha zamani kimeshakufa."

"Kaa kwanza, mwalimu."

Nikaiwasha. Picha ikaja safi, halafu ikaanza kucheza, ikaja mistari ya rangi, mwisho giza. Nikashika kifuniko kwa vidole viwili nikakirudisha nyuma taratibu. Kilipofika pembe fulani, picha ikatulia tuli. Nikakisogeza kidogo, ikapotea tena. Kioo alichokuja kukizika kilikuwa kizima kabisa. Kilichokufa ni kebo, ule waya unaotoka kwenye madabodi (bao kuu la saketi ndani ya laptopu), ukapita kwenye bawaba na kupanda hadi nyuma ya kioo. Kila unapofungua na kufunga laptopu, kebo hiyo inajikunja palepale, na nyuzi za ndani, nyembamba kama unywele, zinakatika mojamoja. Kebo ni rahisi mno kuliko kioo. Bahati yake hakuwa amechana ile nailoni, maana wauzaji wengi ukishaichana hawakirudishi tena.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, jipimie mwenyewe nyumbani. Chomeka laptopu kwenye televisheni kwa waya wa HDMI, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P na uchague picha itoke kote kuwili. Televisheni ikionyesha picha safi huku skrini ya laptopu inahangaika, tatizo liko kwenye kioo au kebo. Uchafu uleule ukitokea na kwenye televisheni, hata ukinunua vioo vitatu umetupa hela. Hapo mtuhumiwa ni chipu ya picha iliyo kwenye madabodi, au programu yake.

Huna televisheni karibu? Piga picha ya skrini kwa kitufe cha PrtSc, ihifadhi, jitumie kwenye simu. Mistari isipoonekana kwenye simu, ujue kompyuta inachora picha vizuri, inaharibikia njiani au kwenye kioo chenyewe. Wenye Dell wana bahati zaidi: zima mashine, shikilia herufi D, kisha iwashe. Matoleo mengi yatapitisha rangi tupu skrini nzima, moja baada ya nyingine. Rangi zikipita safi, kioo kiache.

Na hapa niseme jambo ambalo baadhi ya mafundi wenzangu hawatalipenda. Mistari ikionekana tangu nembo ya kampuni inapotokea, kabla Windows haijaanza kupanda, basi Windows haihusiki. Usikubali mtu akutoze hela ya kupiga Windows upya kwa ugonjwa huo.

Skrini ikiwa nyeusi tii, ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu, imulike kwa mshazari huku laptopu ikiwaka. Ukiona kwa mbali alama za programu zako, picha ipo, kilichozima ni taa ya nyuma. Laptopu za kabla ya 2010 hivi nyingi zilitumia mirija ya taa, na ukiona skrini inaanza na wekundu asubuhi ndipo inyooke, mrija umezeeka. Za baadaye zina taa za LED, na huko mara nyingine kinachokufa ni fyuzi ndogo kuliko punje ya mchele. Hiyo fyuzi naijua kwa uchungu. Nikiwa bado najifunza nilibadili kioo bila kuchomoa betri, nikagusisha soketi vibaya, na kioo kipya hakikuwaka. Siku nzima nilitafuta kosa ambalo nililitengeneza mwenyewe.

Mstari mmoja wima, kutoka juu hadi chini, usiojali kifuniko kimekaaje, huo ni wa kioo. Pembeni mwa kioo kuna vipande laini vya saketi vilivyogandishwa, na joto la miaka likivilegeza, safu nzima ya pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha, inakosa amri. Ukibonyeza fremu mstari unaweza kupotea, kisha unarudi. Haurekebishiki kwa maana yoyote ya kibiashara. Lakini kama ni mmoja tu na uko pembeni, ushauri wangu ni ukae nao.

Doa jeupe linalofifia kingoni ni la kubanwa: vitabu juu ya kifuniko, begi ndani ya daladala. Halisumbui. Doa jeusi kama wino uliomwagika ni kioo kilichopasuka ndani, na hilo hutanuka.

Sisi wa pwani tuna letu la ziada, hewa ya chumvi. Mara kadhaa nimefungua nikakuta ukungu wa kijani kwenye pini za kebo. Brashi laini na spiriti, skrini ikarudi. Na kuna dada aliyeapa laptopu yake ina jini, kwa kuwa ilikuwa inazima skrini kila akitaka kuandika. Kava la simu yake lilikuwa na sumaku, na alikuwa akiliweka pembeni mwa kibodi, juu ya kihisi kinachoambia mashine kuwa kifuniko kimefungwa.

Ikithibitika kwamba kioo ndicho kibovu, usinunue kwa jina la laptopu peke yake. Modeli moja inaweza kuwa ilitoka kiwandani na vioo tofauti. Soma namba iliyo kwenye stika nyuma ya kioo cha zamani, angalia kama ni cha pikseli 1366 kwa 768 au 1920 kwa 1080, na soketi ina pini 30 au 40. Ya 40 haiingii kwenye ya 30, hata ukiibembeleza.

Ukija dukani tunapima mbele yako. Njoo na chaja yako mwenyewe, maana kuna skrini zinazocheza pale tu chaja ya mwenyewe inapochomekwa, na hilo hatutaliona tukitumia ya kwetu.