Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga: macho yakitokeza, damu ipimwe kingamwili

Shikamoo Daktari.

Nakuandikia kutoka Ngamiani kwa ajili ya dada yangu, fundi cherehani. Mwaka juzi macho yalianza kumwasha na kutoa machozi. Akapewa dawa ya matone. Aliporudi akapewa matone mengine, akaambiwa ni mzio wa vumbi la vitambaa. Kope zikavimba, macho yakatokeza hata yakawa hayafumbi vizuri akilala. Majirani wakasema amepigwa jicho. Akawa haendi sokoni ila amevuta ushungi mpaka usoni.

Kituo kimoja kikampima homoni za tezi ya shingo. Majibu yakaja ya kawaida, tukaambiwa tezi haina neno, tuendelee na matone. Hapo tulipoteza miezi minane, Daktari, na ndiyo sababu ya barua hii.

Homoni na kingamwili ni vitu viwili: homoni hutolewa na tezi, kingamwili ni protini za kinga ya mwili. Katika ugonjwa wa Graves, ambamo kinga ya mwili huigeukia tezi ya shingo, mwili hutengeneza kingamwili zinazojishika kwenye vipokezi vya tezi, yaani sehemu zake za kupokea amri, zikaiamrisha ifanye kazi bila kupumzika. Vipokezi vya namna hiyohiyo vipo pia katika chembe zilizo nyuma ya jicho. Kingamwili zikifika huko, mafuta na misuli inayogeuza jicho huvimba. Tundu la jicho ni mfupa, halitanuki, basi jicho husukumwa mbele. Kwa wagonjwa wachache macho huanza kuugua homoni zikiwa bado sawa kabisa. Dada yangu alikuwa mmoja wao.

Wala si elimu mpya. Mwaka 1956 watafiti Adams na Purves, kule New Zealand, waliona katika damu ya wagonjwa kitu kinachoichochea tezi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Baadaye ikajulikana kuwa ni kingamwili. Siku hizi hupimwa kiasi chake, na kwa kawaida kikiwa juu sana, hatari ya macho kuugua vibaya nayo huwa kubwa.

Tulipomfikisha Dar es Salaam damu ilipimwa, kingamwili zikaonekana ziko juu. Alikwisha anza kuniuliza uzi huu ni mwekundu au wa kahawia. Nilidhani ni uchovu. Kumbe mshipa wa fahamu wa jicho ulikuwa unabanwa, na rangi kufifia ni dalili ya hatari inayotaka mgonjwa awahishwe siku hiyohiyo. Akawekewa dawa ya steroidi kwa dripu. Uvimbe umepungua, lakini mpaka leo akitazama pembeni huona vitu viwiliviwili, na sindano namtungia mimi.

Naomba uviandikie vituo vyote vya mkoa, kuanzia hapa mjini hadi Lushoto na Handeni: mtu mzima mwenye macho yaliyotokeza au kope zilizovutika juu asirudishwe nyumbani na matone tu kwa kuwa homoni zake ni za kawaida. Achukuliwe damu ya kingamwili, na aonwe na daktari wa macho, maana kipimo hakichukui nafasi ya uchunguzi. Kama kituo hakina mashine, damu isafiri badala ya mgonjwa. Makohozi ya kifua kikuu na damu ya kupima wingi wa virusi vya ukimwi husafirishwa kutoka vituo vidogo, njia ipo.

Na wote waambiwe waache sigara, kwa sababu tumbaku huuzidisha sana ugonjwa huu wa macho. Dada yangu havuti, lakini katika foleni ya kliniki nilimwona baba mmoja mwenye macho kama yake, pakiti ikiwa mfukoni, na hakuna aliyemwambia.

Karatasi zote za vipimo vya dada ninazo, na mwenyewe ameridhia uzione. Nitazileta ofisini kwako siku yoyote utakayonipangia.

Mkazi wa Ngamiani, Tanga